Michezo 59 ya Dirk Graham

Katika orodha ndefu ya wanaume waliowahi kucheza NHL, ligi kubwa ya magongo ya barafuni huko Amerika Kaskazini, kuna mstari mmoja ambao Mtanzania hawezi kuupita bila kurudia kuusoma. Chris Nielsen, amezaliwa mwaka 1980, Moshi, Tanzania. Alikulia Alberta, magharibi mwa Kanada, akaichezea Columbus Blue Jackets mechi 52, na kufikia 2002 safari yake katika ligi hiyo ilikuwa imekwisha. Moshi haina la kujivunia hapo zaidi ya cheti cha kuzaliwa, kwani theluji ya Kilimanjaro haijawahi kumfundisha mtu kuteleza. Lakini jina hilo ndilo lililonitia kwenye njia hii, na njia ikanipeleka kwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakuzaliwa Afrika wala hakuwahi kutajwa kwenye redio zetu.

Naandika nikiwa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Barafu tunayoijua hapa ni ya ubuyu na ya ukwaju. Hugandishwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, mtoto hung'ata kona na kunyonya haraka kabla haijamchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Kumweleza mtu wa hapa kwamba wapo watu wazima wanaolipwa mamilioni ya dola kwa kukimbizana juu ya barafu wakiwa na magongo ni kujitakia kuchekwa. Ila swali lililonifanya nifuatilie habari hizi halina uhusiano na baridi. Kila kijiwe cha mpira kuanzia hapa hadi Tunduma kina mzee mmoja au wawili waliowahi kutamba uwanjani. Wanakaa pembeni, wanatoa maoni, wanapuuzwa. Timu ikitafuta mwalimu, macho huelekea kwingine. Nilitaka kujua kama ndivyo ilivyo hata kule kwenye fedha nyingi.

Njia yenyewe inaanzia mbali: Halifax, mji wa bandari katika jimbo la Nova Scotia, mashariki ya Kanada, mwaka 1895. Huko waliishi Weusi ambao wazee wao walifika wakitoroka utumwa Marekani, au waliletwa na vita vya Waingereza. Viongozi wa makanisa ya Kibaptisti walikuwa na tatizo ambalo mchungaji yeyote wa leo analijua: vijana hawaji kanisani. Wakaanzisha ligi ya magongo ya barafuni. Timu zikawa na majina mazuri, Halifax Eurekas, Dartmouth Jubilees, Africville Sea-Sides, Truro Victorias. Waliruhusiwa viwanja vilivyofunikwa pale tu timu za Wazungu zilipomaliza msimu wao, barafu ikiwa imeanza kulainika. Golikipa wa Dartmouth, Henry Franklyn, anakumbukwa kwa kujitupa chini kwenye barafu kuzuia kisahani, kile kinachogombaniwa badala ya mpira, wakati makipa wengine wakisimama wima kama walinzi wa lango la benki. NHL yenyewe ilikuja kuundwa 1917, miaka 22 baadaye.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa sababu jambo hili lina ndugu yake jirani na Tunduma. Miaka ileile ya 1890, Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walikuwa wakijenga kituo Mwenzo, katika nchi ya Wanyamwanga, upande ambao leo ni Zambia. Kituo kilikaa kwenye ile njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waskoti wengine, binamu zao pengine, walikuwa tayari wamehamia Nova Scotia na kwenda na mchezo wao wa kale wa magongo. Mchezo huo ni mmoja wa mababu wa magongo ya barafuni, pamoja na michezo ya wenyeji Wamikmaki. Kwetu misheni zilileta vitabu na mpira wa miguu. Kama kungekuwa na maziwa yanayoganda, labda leo watu wa Nakonde na Tunduma wangekuwa wanagombania kisahani badala ya mpira. Naacha hapo.

Ligi ya Halifax ilififia miongo michache baadaye. Africville, mtaa uliotoa ile timu ya Sea-Sides, ulibomolewa na serikali ya mji katika miaka ya 1960, na mji ukaomba radhi mwaka 2010. Wachezaji weusi waliendelea kuwapo kwenye ligi ndogo, lakini mlango wa NHL ulibaki umefungwa hadi Januari 18, 1958. Usiku huo Willie O'Ree, kijana wa Fredericton, New Brunswick, aliingia uwanjani Montreal akiwa na jezi ya Boston Bruins. Alikuwa na siri. Miaka miwili hivi kabla, kisahani kilimpiga jichoni na kumwacha karibu kipofu wa jicho la kulia. Daktari alimwambia aache. Akalificha jambo hilo, akaendelea. Kwa jumla alicheza mechi 45 katika ligi hiyo na kufunga mabao 4, la kwanza likiwa la Januari 1, 1961. Kisha akarudishwa kwenye ligi za chini, na alizicheza kwa miaka mingi. Mweusi wa pili, Mike Marson, hakuingia NHL hadi 1974.

Kutoka O'Ree hadi Marson ni miaka 16. Hiyo ni kwa kucheza tu. Kwa kufundisha, hesabu ni nyingine.

Dirk Graham alizaliwa Julai 29, 1959, Regina, katika jimbo la Saskatchewan, kwenye tambarare ambako wakati wa baridi kila dimbwi hugeuka uwanja. Ana asili ya Kiafrika. Hakuwa mtoto wa maajabu. Vancouver Canucks walimchagua mwaka 1979, akiwa wa 89 kwenye orodha, halafu hawakumtumia hata mara moja. Miaka minne ikapita kwenye ligi za chini, zile za kusafiri kwa basi usiku kucha. Akiwa na Toledo Goaldiggers alitwaa Kombe la Turner mara mbili mfululizo, 1982 na 1983, na hapo ndipo Minnesota North Stars walipompa mkataba. Alipopata nafasi ya kudumu alikuwa na miaka 25, umri ambao wengine wameshaanza kuhesabu mechi zilizobaki.

Januari 4, 1988, Minnesota walimpeleka Chicago Blackhawks na kumchukua Curt Fraser badala yake, mtu kwa mtu. Tulikumbuke jina la Fraser.

Chicago ndiko Graham alikojulikana. Asiyeujua mchezo huu aelewe kwanza unavyokwenda: watu sita kwa kila upande, pamoja na golikipa, vipindi vitatu vya dakika 20. Kisahani ni cha mpira mgumu, kizito gramu 170 hivi, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Hakuna mtu anayekimbia mchezo mzima. Mchezaji huingia kwa zamu ya sekunde 45 hivi, anatumia nguvu zote, anarudi benchi akihema, mwingine anaruka ukuta kuingia, na mchezo hausimami. Timu inayobadilishana vibaya hufungwa wakati wachezaji wake wanapishana kwenye ukuta. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili ya ukocha huonekana mapema: ni yule anayejua wakati wa kutoka.

Graham alikuwa wa aina hiyo. Mshambuliaji, lakini mwenye sifa ya kurudi nyuma kukaba, na wakati timu ina watu pungufu kwa sababu ya adhabu, yeye ndiye aliyetumwa. Mwaka 1989 alipewa unahodha, na anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha katika NHL. Mwaka 1991 alipata Tuzo ya Selke, ya mshambuliaji anayelinda vizuri kuliko wote. Ni tuzo ya kazi ya mikono. Mashabiki hawainunulii jezi, ila makocha wanaiheshimu.

Mwaka 1992 Chicago walishinda mechi 11 mfululizo za mtoano na kufika fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Pittsburgh Penguins wa Mario Lemieux. Walipoteza tatu za mwanzo. Mechi ya nne ilichezwa Chicago, mbele ya watu waliojua kuwa mambo yameharibika. Katika kipindi cha kwanza pekee Graham alifunga mabao matatu. Kila Pittsburgh walipofunga, nahodha alijibu. Mwisho ukawa 6 kwa 5, na kombe likaondoka na wageni. Wapo wachezaji wanaokumbukwa kwa fainali walizoshinda. Mimi namkumbuka Graham kwa hii, kwa sababu inaonyesha mtu aliyekuwa amezoea kubeba timu inayozama.

Alistaafu 1995 akiwa na mechi 772. Klabu ikamfanya kocha msaidizi msimu uliofuata, kisha akawa msaka vipaji. Chicago ilikuwa inaporomoka. Mwaka 1998 ilikosa mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1969, na kocha Craig Hartsburg akaondolewa. Ndipo wakamwita nahodha wao wa zamani. Kwa msimu wa 1998/99 Dirk Graham akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya NHL, miaka 40 baada ya O'Ree kuingia uwanjani kule Montreal.

Februari 22, 1999 alifutwa kazi. Michezo 59: kushinda 16, kupoteza 35, sare 8.

Nimezitazama namba hizo kwa muda mrefu, na sitaki kuzitetea. Ni mbaya. Aliyepokea nafasi yake, Lorne Molleken, alishinda 13 na kupoteza 6 tu kati ya mechi 23 zilizobaki, kwa kikosi kilekile. Mwenye kusema Graham hakuwa tayari ana ushahidi mkononi. Molleken naye hakumaliza msimu uliofuata, hivyo ugonjwa wa Chicago ulikuwa mkubwa kuliko kocha yeyote mmoja, lakini hilo nalo halibadilishi zile 35.

Kinachonisumbua ni Curt Fraser. Yule waliyebadilishana naye 1988 naye aligeukia ukocha. Mwaka 1999, miezi michache baada ya Graham kutimuliwa, Fraser alikabidhiwa timu mpya ya Atlanta Thrashers. Msimu wa kwanza alishinda mechi 14 kati ya 82. Akaachwa. Wa pili akaachwa. Wa tatu akaachwa. Aliondolewa Desemba 2002, baada ya misimu mitatu kamili na kipande cha nne. Ni kweli timu mpya huvumiliwa, na Chicago ni klabu ya mwaka 1926 yenye mashabiki wasio na subira. Hiyo ni tofauti ya haki na lazima isemwe. Ila baada ya hapo jicho liangalie mbele: Fraser aliendelea kupata kazi za ukocha katika mchezo huo. Graham alirudi kusaka vipaji, safari hii kwa San Jose Sharks, na hakuitwa tena na timu yoyote ya NHL kuwa kocha mkuu. Na kwa robo karne iliyofuata, hadi 2024, hakuna mweusi mwingine aliyepewa nafasi hiyo.

Sioni haja ya kumtafuta mbaguzi mmoja wa kumnyooshea kidole. Mchezaji akikosea zamu moja, baada ya sekunde 45 yuko benchi, na dakika tatu baadaye anarudi kurekebisha. Kocha wa kwanza wa aina yake hana zamu ya pili. Kosa lake huhesabiwa kuwa la wote wanaofanana naye, na mlango unafungwa taratibu bila mtu kukiri kuwa ameufunga.

Kuna aliyemtangulia Graham kwa njia ya chini. John Paris, mzaliwa wa Windsor, Nova Scotia, jimbo lilelile la ligi ya makanisa, aliichukua Atlanta Knights mwaka 1994 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika magongo ya kulipwa. Mwaka huohuo akatwaa Kombe la Turner, lile lile ambalo Graham alilibeba akiwa Toledo. NHL haikumpigia simu. Kombe la ligi ya pili limewapandisha Wazungu wengi kwenda ya kwanza.

Tukirudi Afrika Mashariki, mfano wa mchezaji aliyegeuka kocha na kuheshimiwa tunao, tena kwenye magongo, yale ya kwenye nyasi. Avtar Singh Sohal, Tari kwa waliomjua, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960, tatu akiwa nahodha wa Kenya, na alikuwamo kwenye kizazi kilichoshika nafasi ya nne Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971. Alipoacha kucheza akaifundisha timu ya taifa. Tanzania ilishiriki magongo Olimpiki ya Moscow 1980, nafasi iliyopatikana kwa sababu mataifa mengi yaligoma, na India ikatufunga 18 kwa 0. Kenya ilikuwa na klabu, na wachezaji wake walirudi kufundisha kwenye klabu zilezile. Sisi tulikusanya timu.

Barafu ilifika Nairobi mwaka 2005, katika Hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Nilipopita hapo kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa barafu bali watu walioshikilia ukingo kwa mikono miwili, magoti yamepinda, viatu vya kukodi vikiwasaliti. Halafu hewa ya baridi inakupiga usoni, na nje ni jua la Nairobi na foleni ya malori ya bandari. Chini ya ule weupe kuna mabomba yanayopitisha kimiminika chenye ubaridi ulio chini ya nyuzi sifuri. Maji humwagwa juu tabaka baada ya tabaka, kila moja jembamba, mpaka unene wa sentimita chache. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, uwanja unakuwa bwawa. Ni mdogo, sehemu tu ya uwanja kamili, na kwenye kona mchezaji hana nafasi ya kujutia kasi yake.

Hapo ndipo walipozaliwa Ice Lions, simba wa barafuni. Wengi wao walitoka kwenye viatu vya magurudumu, wakizoea kuteleza kwenye lami na maegesho ya magari. Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, Tim Colby, akawa kocha wao. Shida yao kubwa ilikuwa ya kushangaza: hawakuwa na timu ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka Toronto kwa ajili ya tangazo, wakavaa vifaa kamili na kucheza mechi dhidi ya wazimamoto, wakiwa pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mtu wa Songwe afikirie vijana wa Chitete wanaletewa Messi na Mbappé kwenye mechi yao ya kwanza ya kweli.

Tangazo liliwatoa machozi Wakanada. Mimi nilivutiwa na kilichofuata, kisichokuwa na kamera. Nahodha Benard Azegere alirudi Nairobi na kuendelea kuwafundisha watoto. Mwaka 2024 Kenya ikapewa uanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magongo ya Barafuni. Wakenya walishamtuma Philip Boit kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano mwaka 1998, na alipomaliza mbio za kuteleza akiwa wa mwisho, bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri kumkumbatia. Picha ilizunguka dunia. Lakini Boit alikuwa mtu mmoja. Uanachama ni wa chama, na chama huomba makocha, waamuzi na ligi ya watoto.

Na kwetu? Ndola iko ng'ambo ya mpaka wetu, na ndiko Agosti 1979 bao la Peter Tino lilikofanya sare ya 1 kwa 1 na Zambia, Taifa Stars wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa akiifundisha timu ni Joel Bendera, Mtanzania. Fainali zenyewe Lagos, 1980, tulikwenda na Mpolandi, Slawomir Wolk. Sina ugomvi na Wolk. Nasema tu kwamba tumekuwa na tabia ya kumpokonya mtu usukani baada ya kulivusha gari mlima.

Halmashauri za Momba na Tunduma hutenga fedha za michezo, na kila bajeti ikisomwa tunasikia jezi na mipira. Jezi huchakaa msimu mmoja. Ombi langu kwa madiwani ni hili: mwaka huu wachagueni wachezaji wastaafu wawili kutoka kila kata, walipieni ada ya kozi ya ukocha ya Leseni D na nauli ya kwenda kuisomea, kisha wapeni timu za shule za msingi kwa misimu mitatu. Mitatu, siyo michezo 59.